Ukiona Maneno Yaelea, Yameundwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakufunzi, wahitimu wa mafunzo haya ya uandishi kazini, mabibi na mabwana,

Mazoea yangenitaka nitumie dakika kumi za kwanza kutaja vyeo vya kila aliyeketi mbele yangu, lakini kwa kuwa nimeitwa kuzungumzia maandishi yaliyo wazi, itakuwa aibu nianze kwa kuwachosha. Naomba mniruhusu niseme tu kwamba itifaki imezingatiwa, kisha niingie katika jambo lililotukutanisha, yaani thamani ya kusimulia na ya kuandika kwa uwazi, kazini na maishani.

Mimi si mwandishi mashuhuri. Kwa karibu miaka thelathini nimekula mshahara kwa kurekebisha maandishi ya watu wengine: taarifa za miradi, barua za madai, miongozo ya usalama, maombi ya fedha, na mara moja moja risala za wakubwa waliochelewa kuziandika. Kazi hiyo imenifunza kwamba wengi wanaoandika vibaya si wajinga wala si wavivu, na tena wanazungumza vizuri kabisa. Mwambie fundi akusimulie kilichoiharibu pampu, atakueleza hatua kwa hatua hadi uione pampu yenyewe; mwambie aandike, utapokea kurasa nne ambazo ndani yake pampu haionekani. Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kinachopotea kati ya mdomo na kalamu, na ningependa leo tukitafute pamoja.

Tuanze na neno lenyewe. Tunaposema kueleza, tunatumia neno lililozaliwa na kuelea. Kinachoelea kiko juu ya maji na kinaonekana, na ndiyo maana mtu akishalifahamu jambo husema limemwelea. Aliyeeleza, basi, amelifanya jambo lielee. Amelitoa chini lilikokuwa limezama na kulileta mbele ya macho ya mwenzake. Wahenga nao walikwisha kutuambia gharama ya kuelea: ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo vya majini, lakini sijapata kusikia maelezo mafupi zaidi ya kazi ya mwandishi. Sentensi inayosomeka kwa wepesi haikuokotwa. Yupo mtu aliyechonga mbao zake, akazipanga, akatia kalafati katika kila ufa, kisha akaukagua upya usiku ule ambao wenzake walikuwa wamelala, ili msomaji avuke bila kulowa miguu na bila hata kujua kwamba kulikuwa na maji.

Chombo kilichozama hufundisha zaidi kuliko kilichofika, kwa hiyo nitawasimulia kimoja.

Tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Crimea, jemadari wa majeshi ya Uingereza, Lord Raglan, alikuwa amesimama juu ya mlima akilitazama bonde lililo karibu na Balaclava. Kutoka kule juu aliona kila kitu. Aliwaona askari wa Urusi wakijiandaa kuondoka na mizinga waliyoiteka asubuhi ile katika ngome ndogo zilizokuwa kwenye miinuko. Aliudhika, kama jemadari yeyote ambavyo angeudhika, akatoa amri, na msaidizi wake akaiandika kwa penseli: wapanda farasi wasonge mbele upesi, wamfuate adui, na wajaribu kumzuia asiichukue mizinga. Karatasi akakabidhiwa Kapteni Nolan, mpanda farasi hodari, ambaye aliteremka nayo kwa kasi hadi kwa Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, aliyekuwa bondeni.

Bondeni, mabibi na mabwana. Lucan aliisoma karatasi ile mahali ambapo miinuko ilimkinga asiione mizinga iliyokuwa ikisemwa. Mizinga aliyoijua yeye ni ile ya Warusi iliyopangwa mwisho wa bonde, ikiwa tayari kufyatuliwa. Aliuliza ni mizinga ipi. Kwa masimulizi ya waliokuwapo, Nolan alijibu kwa jazba na kuunyoosha mkono kuelekea bondeni, mkono ambao ungeweza kumaanisha karibu chochote. Takriban wapanda farasi 670 wakaingia katika bonde lililokuwa na mizinga ya adui mbele, kushoto na kulia. Zaidi ya 100 waliuawa na wengine wengi walijeruhiwa. Nolan alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa, hivyo mtu pekee ambaye angeweza kutueleza mkono wake ulikuwa ukionyesha nini hakupata nafasi ya kuulizwa.

Nimeirudia amri ile mara nyingi, na kinachonitisha ni kwamba haina kosa lolote ambalo mwalimu wa sarufi angelizungushia kalamu nyekundu. Ni fupi, maneno yake ni mepesi, na inaagiza jambo moja. Tungeipa alama nzuri. Kasoro yake ni kwamba iliandikwa na mtu aliyekuwa mlimani kwa ajili ya mtu aliyekuwa bondeni, na aliyekuwa mlimani hakukumbuka kuuteremka mlima, japo kwa mawazo, kabla ya kuifunga karatasi. Neno «mizinga» kwake lilikuwa na maana moja tu, kwa sababu alikuwa akiitazama. Lau angeongeza maneno machache, kwamba ni mizinga yetu iliyotekwa asubuhi, ile iliyoko kwenye miinuko ya kulia kwenu, Lucan asingekuwa na sababu ya kuuliza.

Tangu niisome habari hiyo, kila mwandishi namwona yuko mlimani. Wewe umeishi na jambo lako kwa miezi sita. Unajua mradi ulianzaje, nani aligombana na nani, tarakimu ya safu ya tatu ilitoka wapi, na neno «awamu» katika ofisi yenu lina maana gani. Msomaji wako anaingia kutoka katika kikao kingine, ana dakika tatu, na hajui hata moja kati ya mambo hayo. Unapozungumza naye ana kwa ana, uso wake hukusaidia: akikunja kipaji unarudi nyuma, akiitikia kwa kichwa unasonga mbele, akiangalia saa unafupisha. Kwenye karatasi uso huo haupo. Nadhani hicho ndicho kinachopotea kati ya mdomo na kalamu. Fundi wetu wa pampu alijua kueleza kwa sababu alikuwa akikutazama machoni. Alipoketi kuandika hakuwa na wa kumtazama, akaanza kuiandikia ofisi, na ofisi haina macho.

Nisiwasimulie makosa ya majemadari pekee, kwa maana hata mimi nimezamisha vyombo. Mwaka mmoja, nikiwa bado kijana katika kazi, niliandika muhtasari wa kikao wenye sentensi hii: «Mkaguzi alimweleza mhasibu kwamba taarifa yake ilikuwa na kasoro.» Nilikuwepo kikaoni, kwa hiyo nilijua kilichotokea: mkaguzi, kwa uungwana mkubwa, alikuja kukiri kwamba taarifa ya ukaguzi aliyoiandika yeye mwenyewe ilikuwa imekosewa. Muhtasari ukasambazwa. Wakubwa waliousoma walielewa kwamba taarifa ya mhasibu ndiyo mbovu, naye akaitwa kujieleza mara mbili kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kwa wiki tatu hakunijibu salamu yangu ya asubuhi, na sikumlaumu.

Angalieni lile neno «yake». Lugha yetu ina utaratibu mzuri wa upatanisho, kiasi kwamba tunalewa na utaratibu huo na kudhani utatulinda daima. Lakini ile «y» ya mwanzo inatupa habari za kitu kinachomilikiwa, yaani taarifa, na ile «ake» inatuambia tu kwamba yupo mwenyewe, mmoja, ambaye si mimi wala wewe. Watu wawili walikuwa wametajwa katika sentensi, na wote wawili walistahili kuwa huyo mwenyewe. Siku hizi kila ninapokutana na «yake», «wake» au «chake» katika karatasi yenye watu zaidi ya mmoja, kalamu yangu husimama yenyewe. Ni afadhali kurudia jina mara tatu na kuonekana mshamba kuliko kuonekana fasaha na kumtia mtu matatani.

Sasa nije kwenye kusimulia, ambako wengine hapa, naona, walidhani ni mada nyingine.

Katika Kiswahili neno kisa lina maana mbili zinazoishi nyumba moja. Kisa ni hadithi, habari ya mambo yaliyotokea. Na kisa ni sababu. Tukimkuta mtu analia tunamuuliza, kisa nini? Hatumwombi hadithi ya kutuburudisha. Tunataka kujua kilichosababisha, na tunajua kwamba sababu itakuja ikiwa imevaa umbo la masimulizi: palikuwa hivi, fulani akafanya hivi, ndipo ikawa hivi. Sidhani kama maana hizo mbili zilikutana kwa bahati. Akili ya binadamu huelewa kwa nini kwa kupitia kilitokea nini kisha nini, na taarifa isiyo na kisa, kwa maana zote mbili, huwa ni rundo la mambo yaliyokaa bega kwa bega bila kujuana. Kwa hiyo ninaposema kwamba mhasibu, mhandisi au muuguzi anapaswa kujua kusimulia, simwambii apambe kazi yake kwa tamathali. Namwambia aonyeshe nini kimezaa nini.

Naomba tukae kidogo na watu wawili wa karne ya 19, kwa sababu wakiwekwa pamoja wanasema mengi.

Wa kwanza ni daktari mzaliwa wa Hungaria, Ignaz Semmelweis, aliyefanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna. Hospitali hiyo ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Katika moja walifundishwa madaktari, katika nyingine wakunga, na ile ya madaktari ndiyo iliyowaua akina mama wengi zaidi kwa homa ya uzazi. Mwaka 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa, na Semmelweis aliposoma matokeo ya uchunguzi wa mwili wa Kolletschka aliona ugonjwa uleule wa wale akina mama. Akaunganisha: madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha, wakibeba kitu cha kifo mikononi. Akaamuru watu wanawe kwa maji yenye klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo walikuwa wamekufa zaidi ya 18 katika kila wazazi 100. Mwezi wa Juni walikufa wapatao 2.

Mtu aliyeshika tarakimu kama hizo mkononi angetarajiwa kukimbilia kalamu. Semmelweis hakukimbilia. Kwa miaka mingi habari zake zilielezwa na marafiki, kwa vipande, na wengine wakazielewa visivyo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, miaka 14 baadaye, kikiwa kirefu mno, kimejaa majedwali na marudio, na sehemu kubwa yake ikiwa ni magomvi na waliompinga. Barua za wazi alizoandika baada ya hapo ziliwaita wapinzani wauaji. Alifariki mwaka 1865 bila kukubaliwa na wengi wa wenzake. Sitaki kumdhulumu marehemu kwa kudai kwamba kalamu yake ndiyo iliyokuwa tatizo pekee. Nadharia ya vijidudu ilikuwa haijathibitishwa, na hakuna daktari anayefurahi kuambiwa kwamba mkono wake ndio uliomuua mgonjwa. Hata hivyo, alikuwa na kisa bora kuliko vyote vilivyopata kutokea katika hospitali ile, kisa chenye rafiki, kisu, mkono na beseni la maji, nacho kilizama ndani ya kurasa zake mwenyewe.

Wa pili ni Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza. Alifika katika hospitali ya jeshi la Uingereza kule Scutari, Uturuki, mwezi wa Novemba 1854, siku chache baada ya ule msiba wa Balaclava, akiwa na wauguzi 38. Vita vilipokwisha aliandika ripoti ya mamia ya kurasa kuhusu afya ya jeshi, nayo ingeweza kulala kabatini kama nyingine zote. Lakini mwaka 1858 alichapisha pia mchoro mmoja wa maduara mawili, kila duara likiwa limegawanywa kwa miezi kumi na miwili kama vipande vya chungwa. Buluu ilionyesha waliokufa kwa magonjwa yanayozuilika, nyekundu waliokufa kwa majeraha, nyeusi waliokufa kwa sababu nyingine. Ukiutazama, buluu imetapakaa kila upande na nyekundu ni kijipande karibu na kitovu. Waziri asiyejua hesabu angeweza kusoma pale kwamba askari wengi hawakuuawa na adui. Waliuawa na uchafu. Mchoro ule ulikuwa na mwanzo, ulikuwa na kati, na mwezi kwa mwezi ulionyesha vifo vikipungua baada ya usafi kurekebishwa. Ulikuwa ni kisa, japo hauna sentensi hata moja ya masimulizi.

Hapa lazima nitoe tahadhari, maana nisingependa mtoke hapa mkiwa waongo hodari. Kisa kilichosimuliwa vizuri kina nguvu ya kupita kiasi. Habari ya mgonjwa mmoja aliyepona kwa mzizi fulani, ikisimuliwa na mwenye ulimi, huifunika habari ya wagonjwa elfu moja ambao hawakupona. Msimulizi mwaminifu hujiuliza kila mara: hiki ni kisa kimoja katika vingapi? Kama ni kimoja katika kumi, aseme. Kama ni kimoja katika laki, aseme vilevile, au aache kukisimulia. Nightingale alikuwa na haki ya kutumia rangi zake kwa sababu alikuwa amehesabu kwanza.

Tuzungumzie sasa karatasi zetu za kila siku. Nitawasomea aya ambayo nimeikuta, kwa sura hii au ile, katika mamia ya matangazo: «Husika na kichwa cha habari hapo juu. Imebainika kuwa kumekuwepo na changamoto katika suala zima la upatikanaji wa maji, ambapo hatua stahiki zinaendelea kuchukuliwa kwa kushirikiana na wadau husika ili kuhakikisha kuwa hali inarejea kama kawaida.»

Nawaona mnacheka, na nyote mmewahi kuiandika. Hata mimi. Sasa sikilizeni tangazo lilelile likiwa limeundwa upya: «Pampu ya ghorofa ya chini iliungua Jumatatu usiku. Fundi ameagiza mota mpya, ambayo anatarajia kuifunga Alhamisi. Hadi hapo, chukueni maji kwenye tangi la nje, kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi.»

La pili ni fupi, lakini ufupi si siri yake. Siri yake ni kwamba lina watu na vitu vinavyofanya mambo. Kuna pampu iliyoungua, kuna fundi aliyeagiza, kuna siku ya Alhamisi ambayo itakuja na kuonyesha kama fundi alisema kweli. La kwanza halina mtu. Imebainika, lakini aliyebaini hajulikani. Hatua zinachukuliwa, na mchukuaji ni hewa. Nimehariri vya kutosha kujua kwamba mara nyingi hilo halitokani na kushindwa kuandika. Mwandishi anajua vizuri sana. Amechagua kufunika kombe mwanaharamu apite, kwa kuwa asiyetajwa haulizwi. Ndiyo maana kumfundisha mtu mbinu za uandishi pekee hakutoshi. Inabidi pia ofisi yake iwe mahali ambapo mtu anaweza kuandika «nimechelewa kuagiza mota» akabaki na kazi yake. Jambo hili liko juu ya uwezo wa mafunzo ya wiki mbili, lakini wakubwa wamo humu ukumbini na nimeona afadhali niliseme wakiwapo.

Wakati mwingine kombe hufunikwa bila mtu yeyote kukusudia. Mwezi wa Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilipokuwa kikiruka, kipande cha povu gumu kilibanduka kutoka kwenye tangi la mafuta na kuugonga ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Kikiwa bado angani, wahandisi waliandaa slaidi za kuwaeleza viongozi hatari iliyokuwapo. Katika slaidi moja, kichwa cha juu kilikuwa cha kutuliza moyo, na chini yake pointi zilishuka ngazi kwa ngazi, herufi zikizidi kuwa ndogo. Kwenye ngazi ya chini kabisa ndipo ilipoandikwa kwamba kipande kilichogonga kilikuwa kikubwa kupita kiasi kuliko vile vilivyowahi kujaribiwa. Ukigawanya tarakimu zao wenyewe unapata mara 640. Tarehe 1 Februari, Columbia ilisambaratika ikirejea duniani na watu wote 7 waliokuwamo walikufa. Tume iliyochunguza ajali hiyo iliizungumzia slaidi ile katika ripoti yake, ikasema kwamba kiongozi angeweza kuisoma bila kutambua kwamba inahusu uhai wa watu. Hakuna aliyedanganya. Jambo zito liliwekwa chini, na jepesi likaachwa lielee juu.

Kuhusu maisha nje ya kazi sitasema mengi, kwa kuwa kila mmoja wenu ana mifano yake. Nitataja miwili tu.

Daktari akikuuliza unaumwa nini, unaweza kumjibu kwamba mwili wote hauko sawa, naye ataanza kubahatisha. Unaweza pia kumwambia: maumivu yalianza kitovuni juzi usiku, jana yakahamia chini upande wa kulia, na nikikohoa yanachoma. Mgonjwa huyo hajasomea udaktari. Amesimulia kwa mpangilio wa wakati, bila kuruka na bila kupamba, na daktari ameshafika nusu ya safari kabla hajamgusa.

Wa pili unanihusu. Baba yangu alipofariki tulipokea barua nyingi za rambirambi, na karibu zote zilisema kwamba msiba ni wetu sote na kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Nazishukuru. Lakini barua moja ilitoka kwa mtu aliyefanya naye kazi zamani, aliyeandika kwamba jioni moja walipokuwa wameshafika mbali, baba aliona wingu la mvua, akarudi ofisini peke yake kufunga dirisha la chumba ambacho hata si chake, kwa sababu alikumbuka kwamba vitabu vya mwenzao vilikuwa chini ya dirisha lile. Barua nzima ilikuwa na mistari tisa. Zile nyingine sijui ziko wapi leo. Hiyo ninayo, na neno «mwema» halimo ndani yake.

Mtaniuliza basi chombo huundwaje. Mmefundishwa hapa kwa wiki mbili na sitarudia masomo. Nitaongeza mazoea matatu yangu, ambayo ni ya kizamani. Naisoma kila karatasi kwa sauti kabla haijatoka, kwa sababu sikio hukataa vitu ambavyo jicho huvisamehe. Pumzi ikinikatikia katikati ya sentensi, najua pa kuikata. Pili, nikiweza, naiacha ilale usiku mmoja, ili asubuhi niisome kama mtu aliye karibu na bonde. Na la tatu, ambalo lina manufaa kuliko hayo mawili, namtafuta mtu asiyejua chochote kuhusu jambo lenyewe, nampa aisome nikiwa nimekaa mbele yake, na sisemi neno. Namtazama usoni. Anapokunja kipaji naweka alama. Simuulizi kama ameelewa, kwa kuwa watu wana adabu na watasema ndiyo. Namwomba anisimulie alichokisoma. Mara nyingi hunisimulia kitu kingine kabisa, na kila mara kosa huwa ni langu.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoweza kukuandikia aya nzima kabla hujamaliza chai yako. Zitumieni mkipenda, sina ugomvi nazo. Ila ile aya ya «hatua stahiki» na «wadau husika» zinaiandika vizuri kuliko sisi, na hazijui kwamba pampu iliungua Jumatatu usiku mpaka mtu aliyekuwapo azieleze.

Nimemaliza kuzungumza, lakini kazi ya leo haijaisha. Chini ya viti vyenu kuna karatasi, na kalamu mtapewa na wakufunzi. Naomba kila mmoja achague jambo moja lililoharibika kazini kwake mwaka huu, hata kama ni dogo, aliandike katika nusu ukurasa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo. Mna dakika ishirini. Kisha mtabadilishana na jirani, naye atapiga mstari chini ya kila mahali alipolazimika kukisia. Asijali adabu katika hilo. Nitapita kati yenu, na yangu nitaiandika pia, ile ya mkaguzi na mhasibu, maana sijawahi kuiandika upya tangu siku ile.